Wanawake Watano Kwenye Tatami: Safari ya Timu Yetu Dar es Salaam

Alhamisi

Tulivuka kutoka bandari ya Malindi, Unguja, kwa boti ya asubuhi, tukiwa wachezaji watano, mwalimu wao, na mimi niliyekabidhiwa usimamizi wa timu. Tulikuwa tunakwenda kwenye mashindano ya kimataifa ya judo yanayokutanisha klabu za ukanda wetu wa Afrika Mashariki, ambayo ratiba yake ilikuwa imeitenga Jumapili nzima kwa ajili ya timu za wanawake peke yao. Jumapili hiyo ndiyo iliyonifanya niombe ruhusa kazini mapema na kuwafuata wazazi wa mabinti hawa nyumba kwa nyumba, kwa sababu nafasi ya namna hiyo imekuwa adimu duniani, na kwa maoni yangu haikustahili kuwa adimu.

Watu wengi wanaoijua judo wanaijua kwa medali za mtu mmoja mmoja. Katika mashindano ya timu za wanawake, kila upande huleta wachezaji watano: wa chini ya kilo 52, chini ya 57, chini ya 63, chini ya 70, na wa zaidi ya 70. Kila mmoja hupambana na mwenzake wa uzito huo kwa dakika nne, na timu inayofikisha ushindi wa mapambano matatu ndiyo inayotangazwa mshindi. Ubingwa wa dunia wa namna hii ulifanyika Astana, Kazakhstan, mwaka 2015, na Japani ikautwaa. Mwaka 2017, mjini Budapest, Shirikisho la Kimataifa la Judo lilileta mahali pake timu mchanganyiko ya watu sita, wanawake watatu na wanaume watatu, na mpangilio huo ukaingia kwenye Michezo ya Olimpiki ya Tokyo iliyofanyika 2021. Siupingi mpangilio huo, kwani umewapa wanawake heshima ya kusimama sawa na wanaume huku dunia nzima ikitazama. Hata hivyo, hesabu yake iko wazi: palipokuwa na nafasi tano za wanawake zimebaki tatu, ya chini ya kilo 57, ya chini ya 70 na ya zaidi ya 70, na binti wa kilo 48 au 52 hana budi kugombea nafasi moja na wenzake wa 57. Kwa klabu ndogo kama yetu, nafasi mbili zilizopungua maana yake ni mabinti wawili wanaobaki nyumbani.

Wachezaji wetu wamo katika uzito wa kilo 48, 52, 57, 63 na 70. Ukiisoma orodha hiyo haraka utadhani timu imekamilika, lakini aliye mzito kuliko wote amekomea 70, kwa hiyo nafasi ya zaidi ya 70 haina mtu, ilhali chini kabisa tuna wawili wanaostahili nafasi moja. Mwalimu na mimi tulilijadili jambo hilo karibu njia nzima, hadi mnara wa kanisa la Azania Front na ule wa Mtakatifu Yosefu ilipoanza kuonekana, na tuliteremka bandarini Dar es Salaam tukiwa bado hatujaafikiana.

Mwenyeji wetu ni mama mmoja wa Upanga ambaye ujanani mwake naye alijifunza judo. Alitupokea mlangoni kwa "Poleni na safari, wanangu," na mabinti wakamwamkia shikamoo mmoja baada ya mwingine, kabla hajawaonyesha vyumba na kuwaambia kwamba chakula kiko tayari. Alikuwa amepika wali wa nazi na samaki wa kukaanga, na ilinibidi nimweleze kwa upole kwamba mwenzetu wa kilo 57 alikuwa amezidi kidogo na kwamba jioni hiyo angekula papai na yai la kuchemsha. Alielewa mara moja, akamwekea sahani yake jikoni ili asiuone wali.

Ijumaa

Asubuhi ilipotea Kariakoo. Kanuni zinamtaka mchezaji mwanamke avae ndani ya judogi, yaani vazi la judo, fulana nyeupe isiyo na maandishi, ya shingo ya duara, na wawili kati ya mabinti wetu walikuwa wamefungasha fulana zenye picha kifuani. Tulipata za bei nafuu katika duka la tatu, tukanunua na plasta za kufungia vidole, kwa sababu mwenye kushika kola na mikono ya judogi kutwa nzima humalizika vidole kabla hajamalizika pumzi.

Upimaji wa uzito ulianza jioni. Mwenzetu wa kilo 57 alikuwa ameruka kamba mchana akiwa amevaa koti, jambo ambalo mwalimu aliliruhusu kwa nusu saa tu, na alikataa kabisa binti huyo aache kunywa maji. Nilimuunga mkono bila kusita. Nimeona wasichana wakijikausha siku mbili kwa ajili ya gramu mia tano kisha wakapanda ulingoni miguu ikitetemeka, na ni afadhali mtu acheze uzito wa juu yake kuliko kumkausha namna hiyo. Mzani ulisoma 56.9. Wa kilo 48 alikuwa na 46.8, akawaangalia wenzake kama anayeomba radhi, na wa kilo 70 alikuwa na 69.4.

Baada ya mzani kulikuwa na ukaguzi wa mavazi. Mikono ya judogi ilipimwa kwa mchezaji kunyoosha mikono mbele, ili kuhakikisha nguo inafika kwenye vifundo na mpinzani ana mahali pa kushika. Wawili wetu hufunika nywele, na nilikuwa nimeandika barua kwa waandaaji wiki kadhaa kabla, wakakubali kofia laini inayobana kichwa, isiyo na pini wala fundo. Hata hivyo nilisubiri kwa wasiwasi mpaka mkaguzi alipozigusa kofia zile na kutikisa kichwa kukubali. Niliwakumbusha mabinti habari za Wojdan Shaherkani wa Saudi Arabia, aliyekuwa na miaka 16 alipoingia Olimpiki ya London mwaka 2012 baada ya mazungumzo marefu kuhusu hijabu yake. Pambano lake halikufika dakika moja na nusu na alishindwa, lakini tangu siku ile msimamizi wa timu kama mimi ana mfano wa kuutaja anapoandika barua.

Usiku, mama mwenyeji wetu alitusimulia habari za Rusty Kanokogi, mwanajudo wa Marekani, na ingawa nilizijua, sikuwahi kuzisikia zikisimuliwa kwa uchungu kiasi kile. Mwaka 1959, katika mashindano ya YMCA, chama cha vijana wa Kikristo, ya jimbo la New York, mwanamume mmoja wa timu yake aliumia, naye akaingia badala yake akiwa amekata nywele na kujifunga kifua kwa bendeji. Alishinda pambano lake, timu ikashinda, kisha mwandaaji akamwita na kumuuliza kama yeye ni mwanamke. Alipokiri, walimvua medali. Mama alisisitiza kwamba yale yalikuwa mashindano ya timu, kwamba ushindi wa wenzake ulisimama pia juu ya mabega ya mwanamke huyo, na bado ni yeye peke yake aliyeondoka mikono mitupu. Mwaka 1980 Kanokogi aliandaa ubingwa wa kwanza wa dunia wa judo kwa wanawake, katika ukumbi wa Madison Square Garden, na ili upatikane aliweka nyumba yake rehani. Wanawake walionyesha mchezo wao Seoul mwaka 1988, wakaanza kugombea medali kamili za Olimpiki Barcelona mwaka 1992, na medali yake ya 1959 alirudishiwa mwaka 2009, mwaka uleule aliofariki. Binti yetu wa kilo 63, ambaye si msemaji, aliuliza ikiwa wale wanaume wenzake wa timu walimtetea. Mama alimjibu kwamba hilo hakuwahi kulisikia.

Jumamosi

Mapambano ya mtu mmoja mmoja nitayapitia kwa ufupi. Wa kilo 57 alipata shaba, wa 63 alifika nafasi ya tano, na wengine watatu walitolewa mapema. Wa kilo 52 aliangushwa kwa uchimata, mtupo wa kuinua kwa paja, katika sekunde za mwanzo, akatoka akiwa amenyamaza, na nilimwacha akae peke yake kwa muda kabla sijampelekea maji.

Kazi kubwa ya siku ilikuwa kikao cha usiku. Mwalimu alitaka kila mmoja acheze katika uzito wake na nafasi ya zaidi ya 70 ibaki wazi, maana kanuni zinaruhusu timu ya watu wanne, ila pambano la nafasi iliyo wazi huhesabiwa kuwa limeshindwa. Mimi nilitaka wote wapande ngazi moja: wa 48 aingie chini ya 52, wa 52 aingie chini ya 57, na kuendelea hadi wa 70 asimame katika zaidi ya 70. Mwalimu alisema kwamba katika ukumbi ule kulikuwa na mchezaji wa kilo zipatazo 95, na kwamba yeye ndiye atakayemkabili mzazi wa binti endapo goti litavunjika. Hoja hiyo ni nzito na sikuidharau. Nami nilimwambia kwamba kumpandisha boti binti wa kilo 48, kumpima uzito, kisha kumkalisha benchi kuanzia asubuhi hadi jioni nako ni kumuumiza, ingawa hakuna daktari atakayeliona jeraha.

Tuliangalia kwenye simu fainali ya timu mchanganyiko ya Olimpiki ya Paris ya mwaka 2024, Ufaransa na Japani. Wengi wanaikumbuka kwa sababu ya Teddy Riner, ambaye baada ya timu kufungana 3–3 uzito wake ulitokea kwenye bahati nasibu ya kuchagua pambano la kuamua, akamwangusha Tatsuru Saito na kuipa Ufaransa ushindi. Mimi niliwaonyesha mabinti pambano la Natsumi Tsunoda. Huyu alikuwa ametwaa dhahabu ya kilo 48 siku chache nyuma, Japani ikamweka katika nafasi ya chini ya 57 dhidi ya Sarah-Léonie Cysique, mzoefu wa uzito huo, naye akashinda. Kisha tukatazama fainali ya Tokyo, ambamo Clarisse Agbegnenou, bingwa wa kilo 63, alimshinda Chizuru Arai aliyekuwa bingwa wa Olimpiki wa kilo 70. Mwalimu alitazama yote kwa makini, akasema kwamba hao ni mabingwa wa dunia na hawa ni wanafunzi wake. Uamuzi ni wa mwalimu, na uamuzi wake ulikuwa kwamba tuanze na watu wanne.

Jumapili

Timu zilikuwa nne, kila moja ikipambana na zote: sisi, wenyeji wa Dar es Salaam, Nairobi na Bujumbura. Kabla ya kila mechi kulikuwa na kura ya kuchagua uzito wa kuanzia, kisha mapambano yanafuatana kwa kupanda na kuzunguka.

Dhidi ya wenyeji, kura iliangukia zaidi ya 70. Mpinzani alipanda kwenye tatami, yaani mikeka ya kuchezea, peke yake, akainama kumwelekea mtu asiyekuwepo, mwamuzi akanyoosha mkono kumpa ushindi, na tukawa nyuma 0–1 kabla jasho halijamtoka mtu. Wetu wa kilo 52 alishindwa kwa wazaari mbili, yaani alama mbili za nusu ushindi. Wa 57 alimwangusha mpinzani wake kwa osotogari safi, mtupo wa kufyeka mguu, akapata iponi, yaani ushindi kamili, na wa 63 akasawazisha kwa kumkandamiza mpinzani chini sekunde 20 kamili. Ikawa 2–2, na wa kilo 70 akaingia kwenye muda wa dhahabu, ule usio na kikomo ambamo alama ya kwanza humaliza kazi. Walicheza zaidi ya dakika tatu za ziada, kisha akachelewa nusu hatua tu kuzuia shambulio na alama ikaandikwa upande wa pili. Tulipoteza 3–2, na yeyote aliyekuwa na macho aliiona alama ya tatu ilikotoka.

Binti wa kilo 70 hakusubiri hata kufungua mkanda. Alimwendea mwalimu, akasema kwa adabu lakini bila kuinamisha macho, "Mwalimu, naomba niende juu. Nikianguka nitaanguka nikiwa ndani." Mwalimu alimtazama, akamuuliza kuhusu goti lake, bega lake, na kama ameshajifunza kujisalimisha mapema anapobanwa mkono. Alimjibu yote. Mwalimu akachukua karatasi ya majina na kuwapandisha wote ngazi moja.

Bujumbura walikuwa bora kuliko sisi, na sioni sababu ya kulizungushia hilo maneno. Burundi ina judo yenye mizizi, na wachezaji wao wanashika judogi kana kwamba mikono yao imeshonewa pale. Wetu wa 57, akicheza chini ya 63, ndiye pekee aliyeshinda, kwa mitupo miwili ya taiotoshi iliyompa wazaari mbili. Matokeo yalikuwa 3–1, na kwa kuwa wapinzani walikuwa wamekwisha kufikisha ushindi wa tatu, pambano la chini ya 52, lililokuwa limepangwa la mwisho, halikuchezwa. Binti wa kilo 48, aliyekuwa amesimama tayari pembeni ya tatami akirukaruka kupasha mwili, aliambiwa arudi akakae.

Mechi ya Nairobi ndiyo iliyobeba siku yetu. Kura ilianza na chini ya 63, na wa 57 akashinda tena. Wa 63, dhidi ya mpinzani mrefu mno wa kilo 70, aliangushwa kwa uchimata. Kisha wa kilo 70 akapanda kukutana na yule mama wa kilo 95 ambaye mwalimu alikuwa akimwogopa. Alijua kwamba hawezi kumwinua, hivyo alikuwa akimshika mkono mmoja tu, akimzungusha, akishambulia miguu kwa kouchigari, mbinu ya kufyeka mguu kwa ndani, na kutoka kabla uzito haujamfikia. Katika dakika ya tatu aliteleza akatua ubavu, mpinzani akapewa yuko, alama ndogo kabisa kati ya zilizopo sasa, na hiyo ndiyo iliyomshinda. Alicheza dakika nne zote na kutoka kwa miguu yake, na ukumbi ulisimama kumpigia makofi, wapinzani wakiwemo. Tulikuwa nyuma 1–2.

Ndipo wa kilo 48 alipoingia. Mpinzani wake alikuwa na kilo 52 kamili na mabega mapana, akatumia mbinu ya kungoja: anashika kola, ananyoosha mikono kama miti, na kumwacha mdogo ajichoshe. Binti yetu hakumwachia nafasi hata moja ya kupumzika. Aliingia seoinage, mtupo wa begani, upande wa kulia, ikazuiwa. Akaingia upande wa kushoto, ikazuiwa. Akashuka chini ya mkono, akainuka, akaingia tena. Hakuna hata moja iliyomwangusha mpinzani, lakini kila moja ilimlazimisha arudi nyuma, na mwamuzi akaanza kumwonya: shido, yaani onyo, ya kwanza kwa kutoshambulia, ya pili kwa kukanyaga nje. Dakika nne zikaisha bila alama. Katika muda wa dhahabu binti wetu aliingia seoinage nyingine mbili mfululizo, mpinzani akajibu kwa kushambulia kwa uongo ili tu aonekane anafanya kitu, na mwamuzi akatoa shido ya tatu, ambayo kwa kanuni ni kutolewa mchezoni. Ikawa 2–2.

Baadhi ya watazamaji walizomea, wakidai kwamba mtu hashindi judo bila kumwangusha mwenzake. Sikubaliani nao hata kidogo. Kanuni ya shido ipo ili anayeshambulia asiadhibiwe na anayekaa, na binti mwenye kilo tano pungufu aliyeshambulia kwa zaidi ya dakika tano bila kusimama ameupata ushindi wake kihalali kama aliyepiga iponi.

Pambano la mwisho likawa la chini ya 57, la yule yule wa kilo 52 aliyekuwa amepoteza kila pambano tangu Jumamosi. Mwalimu hakumpa hotuba. Alimwambia neno moja, "Chini," maana huko ndiko anakojua zaidi. Katika dakika ya pili mpinzani alijaribu kumtupa, wote wakaanguka pamoja bila alama, na binti wetu akawahi kugeuka na kumfunga kesagatame, mbinu ya kumkandamiza mpinzani chini, kichwa kikiwa kwapani na miguu imetanuliwa. Sekunde tano zilipita, ikawa yuko. Kumi zikapita, ikawa wazaari. Kwenye sekunde ya 14 mpinzani akapata mwanya na kujichomoa. Kilichobaki kilikuwa dakika mbili na kitu za kulinda alama bila kupata shido tatu, na alizilinda kwa kushambulia, si kwa kukimbia. Kengele ilipolia tulikuwa tumeshinda 3–2 na kushika nafasi ya tatu.

Jioni kulikuwa na kikao cha walimu na wasimamizi, ambamo ililetwa hoja kwamba mashindano yajayo yafuate mfano wa Olimpiki na kuwa na timu mchanganyiko pekee, ili kuokoa muda na gharama. Niliomba kusema. Niliwataka wenzangu waangalie karatasi za siku hiyo na kuhesabu ni wangapi kati ya wachezaji waliopanda kwenye tatami wangekuwa na nafasi katika timu yenye wanawake watatu, na ni nani angeiamua mechi ya Nairobi na sisi kama wa kilo 48 na wa 52 wangebaki Unguja. Mwalimu wa Nairobi, ambaye timu yake ndiyo iliyopoteza, aliniunga mkono kabla ya mtu mwingine yeyote. Ilikubaliwa kwamba siku ya wanawake ibaki, na timu mchanganyiko iongezwe Jumamosi mchana, kwa sharti kwamba kila klabu ilete majina ya wanawake watano kamili mwezi mmoja kabla.

Jumatatu

Sharti hilo la watano kamili lilikuwa mazungumzo yetu yote tuliposubiri boti. Mwalimu alisema kwamba hatampandisha tena mwenye kilo 69 kukutana na mwenye 95 endapo ana namna nyingine, na safari hii sikuwa na la kupinga. Kuna mwanafunzi wa sekondari, jirani wa ukumbi wetu wa mazoezi, ambaye hutupa tufe na ana mwili wa kufaa. Nilimpigia simu mama yake kutoka bandarini, nikamsalimu, nikamweleza nia yetu. Aliuliza kuhusu masomo, kuhusu mavazi, na kuhusu nani atakuwepo ukumbini jioni, na kila jambo nilimjibu kwa ukamilifu kwa sababu ni haki yake kujua. Alikubali binti aje Jumatano baada ya swala ya alasiri. Mwalimu aliniomba nimwambie pia kwamba miezi mitatu ya mwanzo atafundishwa kuanguka tu, na kwamba hatashindana na mtu hadi aweze kuanguka nyuma, ubavuni na mbele bila kuogopa.